Victron SmartSolar 75/15 ndani ya Land Cruiser ya kambi: mipangilio kwanza, kifaa baadaye

Kwa misimu miwili ya safari nimetumia kidhibiti chaji (kontrola, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli ya jua unaoingia kwenye betri) cha Victron SmartSolar MPPT 75/15, kilichofungwa nyuma ya kiti cha dereva katika Land Cruiser yenye hema juu ya paa, paneli moja ya wati 150, na friji ya volti 12 ambayo haizimwi usiku wala mchana. Kifaa ni kizuri na ningekinunua tena. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maoni yangu inahusu namna ya kukipangia volti, kwa sababu hapo ndipo betri nyingi za magari ya kambi zinapofia.

Betri yangu ya kwanza ilifia hapo hapo. Ilikuwa ya jeli, ya ampea-saa 100, na ilichajiwa na kontrola ya bei nafuu isiyo na jina, niliyoinunua Kariakoo, ambayo kasha lake liliandikwa MPPT kwa herufi kubwa, yaani aina inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa mkondo wa kuchaji, na ambayo huhitaji koili nzito kufanya hivyo. Baadaye niliifungua na sikukuta koili wala kitu chochote kizito ndani. Ilikuwa PWM ya kawaida, aina rahisi zaidi inayoishusha paneli hadi volti ya betri. Paneli yangu hutoa ampea 8.3 kwa volti 18, basi ikivutwa hadi volti 12.8 inabaki na wati 106 hivi, na nyingine zinapotea. Hilo ningelivumilia. Lililoiua betri ni kitufe kimoja chenye chaguo tatu, b1, b2 na b3, ambazo ni za betri iliyofungwa, ya jeli na ya maji. Fundi aliiacha kwenye b3. Nilipomuuliza alinijibu, “Bosi, hiyo ndiyo inajaza vizuri.” Kweli ilijaza: volti 14.6 kila siku ya jua, wakati ubavuni mwa betri pameandikwa isizidi 14.4. Baada ya miezi kadhaa kuta zake zilikuwa zimetuna kama mkate wa boflo, na friji ilikuwa inazimika kabla ya saa nane usiku.

Mahali pake nimeweka betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4, ya ampea-saa 100, na ndipo nikanunua Victron. Tarakimu 75/15 zina maana rahisi: volti za paneli zisizidi 75, na mkondo wa kuchaji hauzidi ampea 15, kiasi kinachotosha paneli za wati 220 hivi kwa betri ya volti 12. Betri huunganishwa kwanza, paneli baadaye. Kifaa hakina kioo wala vitufe, bali kila kitu hupangwa kwa simu kupitia Bluetooth na programu ya VictronConnect.

Kikitoka dukani kimepangwa kwa betri za risasi: volti 14.4 katika hatua ya kushibisha (kumalizia kuijaza betri), 13.8 katika hatua ya kutunza (kuiweka ikiwa imejaa), pamoja na marekebisho ya joto ya milivolti 16 kwa kila nyuzi moja juu au chini ya 25. Kwa betri ya jeli au AGM (nayo ni ya risasi iliyofungwa) marekebisho hayo ni msaada mkubwa, kwani kwenye joto la nyuzi 35 volti 14.4 hushushwa hadi 14.24, nayo betri haikaangwi. Kwa lithiamu yanageuka kuwa hatari. Chukua asubuhi ya nyuzi 10 ukingoni mwa Ngorongoro: nyuzi 15 chini ya kipimo huongeza volti 0.24, na 14.4 inakuwa 14.64, wakati watengenezaji wengi wa LiFePO4 hutaja 14.6 kuwa kikomo. Kwa hiyo nimechagua mpangilio wa lithiamu uliomo ndani ya programu, wenye volti 14.2 na 13.5 na usio na marekebisho ya joto, kisha nikahakikisha kwamba chaji ya kusawazisha, yaani ile ya volti ya juu ya mara moja moja, imezimwa, maana hiyo ni ya betri za risasi, hasa za maji.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni urefu wa hatua ya kushibisha. Katika mpangilio wa betri za risasi, kifaa hupima volti ya betri asubuhi na kujikadiria muda: ikiwa chini ya 11.9 hujipa hadi saa sita, ikiwa juu ya 12.6 hujipa saa moja. Kinaweza pia kusitisha mapema mkondo ukishuka chini ya kiwango fulani, tuseme ampea 2. Tatizo ni friji. Kompresa ikiwaka huvuta ampea nne hivi, na kwa kuwa friji yangu imeunganishwa moja kwa moja kwenye betri, kontrola huziona ampea hizo kama zinaingia kwenye betri. Hivyo hudhani betri bado ina njaa na kuendelea kuishindilia ingawa ilishiba zamani. Nimeweka muda maalumu wa saa moja, na sasa kila ifikapo alasiri simu huonyesha imetulia kwenye 13.5.

Waya nao una neno. Awali nilitumia waya mwembamba wa mita tatu. Kontrola ilionyesha 14.2 huku multimita kwenye vichwa vya betri ikionyesha 13.9. Nilipoweka waya wa milimita za mraba 10 na kusogeza kifaa karibu na betri, tofauti ilikaribia kwisha.

Kukosekana kwa kioo ndiko kunakonifanya nisite kumpendekezea kila mtu. Mwenye gari linaloendeshwa na madereva wa zamu hawezi kumtaka kila dereva awe na programu na nywila, na ukiwapa nywila, wapo watakaobadilisha volti kwa nia njema kabisa. Mimi nimebandika karatasi chini ya kiti yenye tarakimu mbili, 14.2 na 13.5, na kando yake multimita ndogo iliyofungwa kwa kamba.