Kutafuta kaburi moja kati ya laki nne: huduma ya makaburi ya Arlington katika Siku ya Kumbukumbu

Kwa miaka kadhaa, kila ilipofika Jumatatu ya mwisho ya Mei, Siku ya Kumbukumbu ambayo Marekani huwakumbuka wanajeshi wake waliofariki wakitumikia nchi, shangazi yangu alinipigia simu akanitaka nimtumie picha ya jiwe la kaburi la mwanawe, ingawa ile niliyomtumia mwaka uliotangulia alikuwa nayo bado. Binamu yangu alifariki akiwa katika jeshi la Marekani na akazikwa Arlington, makaburi ya taifa ya wanajeshi yaliyo jimbo la Virginia, na mama yake hakuweza kusafiri kuja mazikoni kwa sababu ya maradhi. Mwaka huu alikuja. Ninaandika tathmini hii ya huduma tuliyoitumia kwa ajili ya ndugu wengine ambao jamaa zao wamelala katika ardhi ile na ambao hawajui waanzie wapi.

Picha niliyokuwa nikimtumia hutoka katika programu ya makaburi hayo, iitwayo ANC Explorer, ambayo haina malipo na hufanya kazi katika simu na kompyuta. Mtu huandika jina la marehemu, kisha huonyeshwa sehemu aliyozikwa, namba ya kaburi, njia ya kufika, na picha za jiwe lenyewe, mbele na nyuma. Asiye na simu inayofaa huzipata taarifa hizo katika mashine zilizowekwa kwenye jengo la kupokelea wageni. Nimeipima programu hii kwa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyopima kitu chochote cha simu, na ninaisifu bila kusita: haijazi skrini kwa mapambo, nayo humpeleka mtu moja kwa moja kwa yule anayemtafuta. Upungufu wake kwa familia kama yetu ni lugha, kwa kuwa mzee asiyesoma Kiingereza atahitaji mtu wa kumshika mkono.

Inafaa kufahamu jinsi kumbukumbu hizo zilivyopatikana. Mwaka 2010 uchunguzi wa jeshi ulibaini makosa mazito katika utunzaji wa makaburi hayo, yakiwemo makaburi yaliyowekewa alama zisizo sahihi, na mwaka uliofuata wanajeshi wakatumwa kupiga picha mawe yote, moja baada ya jingine, ili yalinganishwe na maandishi ya ofisini. Kwa hiyo kila picha tunayoiona leo ilitokana na mtu aliyesimama mbele ya jiwe hilo. Shangazi nilipomweleza jambo hili alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi kuna mtoto wa mtu alimsimamia mwanangu, mimi nikiwa mbali."

Asubuhi ya siku yenyewe ilianza vibaya, kwa sababu teksi tuliyoikodi ilitushusha mbali na lango, na mama wa umri wake akalazimika kutembea juani kabla hata ya kufika kwenye ukaguzi. Anayekuja na mzee na aombe mapema kibali cha ndugu wa marehemu cha kuingia na gari, na kila mtu mzima abebe kitambulisho chenye picha. Kiingilio hakuna. Maji ya kunywa ni ya lazima, kwa kuwa eneo ni kubwa, lina vilima, na siku hiyo watu ni wengi mno.

Ukishapita lango, macho hukutana na bendera ndogo mbele ya kila jiwe, safu baada ya safu, hadi upeo wa kilima. Kazi hiyo hufanywa na wanajeshi siku chache kabla ya sikukuu, desturi iliyodumu tangu mwaka 1948, na kila mmoja hupima kwa urefu wa kiatu chake umbali kati ya jiwe na bendera. Sijui huduma nyingine ya umma inayofanywa kwa uangalifu wa namna hii kwa watu wasioweza kushukuru. Bendera kubwa hupepea nusu mlingoti hadi saa sita mchana, na saa tisa alasiri Wamarekani huombwa wanyamaze kwa dakika moja, ingawa nakiri kwa uchungu kwamba nje ya kuta hizo wengi huijua siku hii kwa punguzo la bei madukani.

Nilimpeleka shangazi kwanza kwenye Kaburi la Askari Asiyejulikana, ambako mlinzi hutembea hatua 21 na kusimama sekunde 21, usiku na mchana. Mmoja wa waliozikwa hapo, askari wa vita vya Vietnam, alitambuliwa mwaka 1998 kwa kipimo cha vinasaba, akarudishwa kwa familia yake akiwa na jina lake, Michael Blassie, na nafasi yake imeachwa wazi hadi leo. Shangazi aliuliza mara mbili kama mama wa askari huyo alikuwa hai siku hiyo. Nilimjibu kwamba alikuwa hai.

Kisha tukateremka Sehemu ya 60, wanakozikwa wengi waliofariki Iraq na Afghanistan. Huko hakukuwa na hotuba. Familia zilikuwa zimeketi kwenye majani, watoto wakicheza kando ya mawe, na baadhi ya wageni wakiacha sarafu au kokoto juu ya majina. Programu ilituongoza hadi kwenye safu yenyewe, lakini hatua za mwisho shangazi hakutaka kuongozwa. Alizunguka kwanza nyuma ya jiwe, akaisoma taratibu namba ambayo kwa miaka yote hiyo alikuwa ameihifadhi kichwani, akahakikisha ni ile ile, ndipo akaja mbele na kukaa chini.