Tathmini ya Common Navigator ya Eclipse: mti mmoja wa miradi kwa zana nyingi

Kikundi chetu hapa Kigoma hutengeneza programu za kurekodi mapokezi ya dagaa na migebuka katika mialo ya Kibirizi na Katonga. Fomu moja tu ya mzigo ina faili la umbo lake, faili la kanuni za ukaguzi, na mafaili ya maneno ya Kiswahili na ya Kifaransa, kwa kuwa baadhi ya wachuuzi wanatoka Burundi na ng'ambo ya ziwa, Kongo. Mafaili hayo hukaa katika folda tofauti, na tulichotaka ni kuona katika mti wa miradi, yaani orodha ya folda na mafaili iliyopangwa kwa matawi, tawi moja lenye jina la fomu, likiwa limeyakusanya yote. Hiyo ndiyo kazi niliyoitumia kuupima mfumo wa Common Navigator, unaochora mti wa namna hiyo ndani ya Eclipse, programu ya kuandikia programu nyingine; ulitoka pamoja na Eclipse 3.2 mwezi Juni 2006 na ambao ndio msingi wa dirisha la Project Explorer la Eclipse yenyewe.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba dirisha halimilikiwi na programu-jalizi moja, yaani programu ndogo inayochomekwa kwenye Eclipse kuiongezea uwezo. Kila programu-jalizi hutangaza katika faili lake la plugin.xml, chini ya navigatorContent, ni vitu gani inaweza kuvitolea watoto, yaani vitu vya kukaa chini yake katika mti, na ni watoto gani inaowatambua; sehemu hizo huitwa triggerPoints na possibleChildren. Kwa kuwa masharti hayo yameandikwa katika XML, ambayo ni maandishi ya mipangilio tu, Eclipse huyapima kabla ya kupakia msimbo wa Java wa programu-jalizi husika, na kwa hiyo mtu ambaye mradi wake hauna fomu hata moja habebeshwi mzigo wa zana zetu. Wanaoandika zana za Java na sisi wa fomu tunakutana katika mti mmoja bila kuwa na haja ya kujuana, jambo ambalo nalihesabu kuwa ni usanifu wa hali ya juu.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni ya kubadilisha maudhui ya wengine. Kupitia kiolesura cha IPipelinedTreeContentProvider, programu-jalizi hupokea orodha ya watoto iliyokwisha kuandaliwa na mwenzake, kisha huondoa baadhi yao, huongeza wake, na kuirejesha. Ndivyo tulivyoyaondoa mafaili ya fomu mahali pake pa kawaida na kuyaweka chini ya tawi letu, na mafaili mengine yote yakabaki yalivyokuwa. Mtumiaji asiyeutaka mpangilio huo anaweza kuuzima katika menyu ya dirisha lenyewe.

Hata hivyo, mfumo huu unadai uvumilivu. Haitoshi kutangaza maudhui; ni lazima pia dirisha liyakubali kupitia viewerContentBinding, na kiungo hicho kikikosekana, tawi halionekani na mwandishi haambiwi sababu. Vipaumbele vina ngazi 7, kuanzia lowest hadi highest, navyo vinahitaji kufikiriwa vizuri pale programu-jalizi mbili zinapodai kitu kilekile. Mwongozo bora, kwa maoni yangu, ni msimbo wa org.eclipse.ui.navigator.resources, ambao huja pamoja na Eclipse SDK, kifurushi cha Eclipse cha waandishi wa programu-jalizi, na unasomeka bila intaneti, faida isiyo ndogo kwa anayenunua bando kwa kipimo.

Visual Studio Code, programu nyingine ya kuandikia msimbo, ni rahisi zaidi kuanza nayo: ukiandika TreeDataProvider yenye getChildren na getTreeItem, una mti wako. Lakini huo ni mti wako peke yako. Kiendelezi, kama programu-jalizi inavyoitwa huko, hakiwezi kupenyeza matawi yake ndani ya dirisha la mafaili la Visual Studio Code. Kinaweza kuyapamba majina kwa rangi na alama fupi tu. Kwa orodha inayojitegemea, kama vile ya majaribio au ya seva, hilo halina ubaya wowote, nami ningeichagua bila kusita.

Kwa anayetaka vitu vyake vikae ndani ya mti uleule ambao wenzake wanaufungua kila asubuhi, Common Navigator inastahili ugumu wake. Ni programu huria isiyolipiwa, na ningeshauri kuanza na tawi moja la kusoma tu, kisha kuongeza menyu na uburutaji wa mafaili baada ya masharti ya triggerPoints kuthibitika kuwa sahihi.