Swichi ya poti 24 yenye RSTP: uzoefu wangu hostelini Maseno

Nahudumia mtandao wa hosteli moja ya wanafunzi huku Maseno, ghorofa tatu, swichi moja (kisanduku cha kuunganisha kebo za mtandao) kila ghorofa. Zamani zilikuwa zile za bei rahisi zisizo na mipangilio. Mwanafunzi akichomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye soketi za ukutani, intaneti ya jengo zima inakufa. Stima ipo, Wi-Fi inaonekana, lakini hakuna kinachofunguka, na kwenye kabati taa za poti zote zinapepesa kwa wazimu. Fremu ya Etheneti, yaani kifurushi cha data kinachopita kwenye kebo, haina kikomo cha safari kama pakiti ya IP (ile ya intaneti). Ikiingia kwenye mzunguko inazidi kuzaana hadi mtu achomoe kebo.

Tukanunua tatu zenye RSTP, utaratibu wa swichi kugundua mizunguko na kuifunga zenyewe. Kampuni siitaji, maana hiki ni kiwango cha IEEE, shirika la wahandisi. Asili yake ni STP, utaratibu wa awali aliouibuni Radia Perlman mwaka 1985 akiwa kampuni ya kompyuta ya DEC: swichi huchagua moja iwe mzizi, na njia za ziada hufungwa hadi ile kuu ikatike. STP ya zamani ilihitaji sekunde 30 hadi 50 kubadili njia. Mimi nimeziunganisha kwa pembetatu, nikachomoa kebo moja huku ping (jaribio la kutuma pakiti na kungoja jibu) ikiendelea. Ikapotea pakiti moja tu. Hapo nikaridhika.

Lakini usiitoe kwenye boksi ukaiacha hivyo. Zote huja na kipaumbele 32768, kwa hiyo mwenye anwani ndogo ya MAC (namba ya kiwandani ya kila kifaa) ndiye anakuwa mzizi. Kwangu ilikuwa ya ghorofa ya juu, na data ya ghorofa ya kati ikawa inapanda huko kwanza ndipo ishuke kwenye rauta iliyo chini! Nikaipa swichi ya chini kipaumbele 4096, maana namba ndogo ndiyo hushinda, mambo yakanyooka.

Poti za vyumbani nimezifanya za ukingoni, yaani za vifaa vya watumiaji tu, na ulinzi wa BPDU nimeuwasha: poti hizo zikipokea BPDU (ujumbe ambao swichi hutumiana kujua njia) hujifunga. Siku hizi mtu akifanya mchezo na kebo, ni poti yake inayojifunga, jirani haguswi.

Udhaifu upo. Viswichi vingine vya bei ya chini humeza BPDU, kwa hiyo mzunguko ulio ndani yake RSTP haiuoni. Kwa ajili ya hivyo nimeweka kikomo cha brodkasti (fremu zinazotumwa kwa vifaa vyote) kila poti. Bei nayo inauma. Kama una swichi moja na kompyuta nne, heri pesa hiyo ununue UPS.