EdgeTX kwa ndege yenye elevoni: hesabu iko wazi, ila kila namba ikae kwenye ukurasa wake

Kwa ndege ya mfano isiyo na mkia, EdgeTX, programu inayoendesha rimoti, inazishinda zile rimoti ambazo unachagua aina ya bawa kwenye menyu na mengine yote yanafichwa. Hapa kila namba inayokwenda kwenye servo, mota ndogo inayosogeza kibao cha bawa, unaiona. Mwendo wa fimbo unaingilia ukurasa wa Inputs, unachanganywa Mixes, unatokea Outputs.

Elevoni, vibao vya nyuma ya bawa vinavyofanya kazi ya eileroni (kulaza ndege upande) na ya eleveta (kuinua na kushusha pua), zinahitaji mistari minne tu kwenye Mixes, na namba zake ni asilimia. Chaneli ya 1, bawa la kulia: eileroni 50, eleveta 50. Chaneli ya 2, la kushoto: eileroni −50, eleveta 50. Mstari wa pili wa kila chaneli uwe Add, yaani ujumlishwe na wa kwanza. Ukiwa Replace, eleveta inaifuta eileroni na ndege hailali upande hata kidogo.

Kwa nini 50, si 100? Chaneli inakatwa ikifika kikomo cha Outputs, ambacho kwa kawaida ni 100. Ukiandika 100 kila mahali kisha ukavuta eleveta hadi mwisho, servo zote mbili zimeshagota. Ukilaza ndege wakati huo, elevoni moja inashuka, nyingine haina pa kwenda, na nguvu ya kulala inabaki nusu. Programu haitoi onyo lolote, na hiyo ndiyo kasoro yake kubwa. Ukihitaji eileroni zaidi, weka 60 kwa 40, mradi jumla isizidi 100. Mwendo ukiwa mfupi, hamisha waya wa kusukuma kwenye tundu la nje la mkono wa servo, usiongeze namba.

Mwelekeo ndio unaowasumbua wengi. Toa propela, kisha vuta eleveta. Elevoni zikipingana, geuza servo moja kwenye Outputs. Zikishuka zote, geuza zote mbili. Eleveta ikishakuwa sawa lakini eileroni iko kinyume, rudi Mixes ubadilishe alama za eileroni kwenye mistari yote miwili. Usiguse Outputs tena, utaharibu eleveta.

Utamu wenyewe uko kwenye Diff, inayofanya elevoni ishuke kidogo kuliko inavyopanda: iweke kwenye mistari ya eileroni peke yake, na eleveta inabaki sawa pande zote.

Ule mwinuko wa milimita 1 au 2 wa elevoni fimbo ikiwa katikati, ambao ndege isiyo na mkia huuhitaji, urekebishe kwa kuzungusha klevisi, kile kishikio cha mwisho wa waya wa kusukuma. Subtrim (kusogeza kati ya servo kwenye Outputs) ikiwa kubwa inakula mwendo wa upande mmoja.