Uzoefu wangu na teishoku ya samaki, Osaka

Wageni wengi wanaohamia Japani huanza na sushi, wakatoka hapo wakaenda kwenye rameni, yaani tambi za supu, na wasipopenda hivyo viwili hurudi kujipikia nyumbani. Mtu aliyezoea wali na samaki ningemshauri aanzie kwenye teishoku, mlo kamili unaoletwa kwenye sinia moja: wali, supu ya miso (soya iliyosagwa na kuchachushwa), achari na kitoweo. Hapa Osaka ninapoishi, teishoku ya samaki kwenye mikahawa midogo ya mtaani huwa kama yeni 900 au 1,000, na kwa bei hiyo sijapata mlo wa nje unaonishibisha vizuri zaidi.

Mikahawa mingi ya aina hii ina mashine ya tiketi mlangoni. Unatia pesa, unabonyeza kitufe cha chakula unachotaka, tiketi inatoka, unampa mhudumu. Mashine za zamani hazipokei noti kubwa, kwa hiyo uwe na noti za yeni 1,000 na sarafu. Maji au chai ni bure, na bakshishi haitolewi.

Ninachoagiza mimi ni saba no shioyaki. Ni minofu ya samaki wa jamii ya vibua, aliyepakwa chumvi akachomwa mpaka ngozi ikakauka na kufura, huku mafuta yakichuruzika. Pembeni huwekwa figili nyeupe iliyokunwa. Itie matone machache ya sosi ya soya, iweke juu ya samaki, ule pamoja. Samaki huyu ana mafuta kuliko vibua tunaowajua Unguja, na ile figili ndiyo inayoyakata. Usiiache kwenye sahani ukidhani ni pambo.

Wali ni wa punje fupi zinazoshikana, hauna chumvi, hauna mafuta, wala nazi. Ukiula peke yake utauona mkavu wa ladha, na hapo ndipo wenzangu wengi huukataa. Chumvi yote iko kwenye samaki na achari. Chukua kidogo cha samaki, halafu wali, halafu supu, zunguka hivyo mpaka sinia liishe. Baadhi ya mikahawa huongeza wali bila malipo, na mimi huomba kila nikipata nafasi.

Supu ya miso ndiyo iliyonigusa zaidi. Nimekulia Paje, kijiji cha pwani Unguja, ambako mwani ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989, na utoto wangu wote niliuona ukianikwa juani usafirishwe kwenda viwandani. Hakuna aliyenipa niule. Hapa mwani wa aina nyingine, wakame, unaelea ndani ya bakuli pamoja na vipande vya tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa), na mwani mwingine uitwao kombu ndio unaochemshwa kutoa ladha ya supu yenyewe, mara nyingi pamoja na samaki mkavu wa jamii ya jodari. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda alikipata kinacholeta ladha hiyo ndani ya kombu: ni kemikali iitwayo glutamati. Kila ninywapo supu hii nawakumbuka kina mama wa kwetu wanaoinama ufukweni maji yakitoka, na natamani siku moja wauone mwani mezani.

Kwa Mwislamu, samaki wa chumvi ana faida nyingine. Vyakula vingi vya mchuzi mtamu hutiwa mirin au sake, ambavyo ni vileo, na supu ya rameni ya tonkotsu ni mifupa ya nguruwe. Shioyaki kwa kawaida ni samaki na chumvi, ila bado uliza kama amelowekwa kwenye sake kabla ya kuchomwa. Nyama ya halali naifuata Kobe, mji wa jirani, kwenye maduka ya karibu na msikiti uliojengwa mwaka 1935.

Takoyaki, vile vidonge vya unga vyenye kipande cha pweza ndani, ni vitamu lakini havishibishi. Natto, soya iliyochachushwa inayovutika kama ulimbo, bado inanishinda kwa harufu.

Ukienda, nenda baada ya saa saba mchana, watu wa maofisini wakisharudi kazini, ila usichelewe mno, maana mikahawa mingi hufunga kuanzia saa nane mpaka jioni.