TAHADHARI: Huyu anayeuza na kufunga kachi tanki za Subaru za turbo ni tapeli, kaniharibia injini

Wakuu, nimekaa na hili wiki tatu nikiona aibu kuliandika. Leo naandika kwa sababu jana nimeona tena picha zake za kachi tanki (kopo la kunasa oili ya injini) zinasambazwa, maneno ni yale yale, "kit kamili, injini ipumue," na watu wanauliza bei. Msimtumie hela. Kama yupo aliyeshatuma na bado hajafungiwa, asimpelekee gari. Bora hela ipotee peke yake.

Gari ni Subaru Forester SG5 yangu, yenye turbo, ile pampu inayoshindilia hewa kwenye injini. Nataka mjue kilichotokea Jumamosi ile, maana huyu mtu hakudanganyi kwa maneno matupu. Anakufanyia vitu mbele ya macho yako, ukiwa umesimama pale pale, na unaamini.

Alikuja nyumbani Tabata saa nne asubuhi, na boksi la spana lililopangwa safi kuliko la fundi yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Jamaa akainama, "Shikamoo Mama," akauliza habari za magoti yake, akakaa naye dakika tano nzima kabla hajagusa boneti. Mama akamchemshia chai na maandazi. Alikula kwetu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Akafungua boneti, akalegeza klipu ya mpira unaotoka kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo), akachukua kitambaa cheupe, akakizungusha ndani kwa kidole. Kikatoka na oili nyeusi. Akanisogezea karibu na pua. "Kaka, umeona? Hii yote inaingia kwenye silinda, inaungua na petroli. Ndiyo maana gari lako linagonga ukilikanyaga."

Hapo hakusema uongo, na ndiyo sababu alinipata. Injini yoyote ina gesi kidogo inayopenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye tumbo la injini, na ya turbo inapitisha zaidi kwa sababu ya presha. Gesi hiyo inabeba ukungu wa oili na mvuke wa maji, lazima itafute pa kutokea. Kwenye hizi injini za EJ20, kama ya gari langu, kuna njia ya kupumulia kwenye kila tapeti kava (kifuniko cha valvu), kulia na kushoto, na nyingine juu ya bloku kule nyuma. Zote zinarudishwa kwenye injini iunguze. Oili ikizidi inapaka intakula, hewa haipoi vizuri, na ukungu wa oili kwenye petroli unafanya injini igonge mapema. Kachi tanki ni kopo unaloliweka katikati ya njia, oili ibaki humo, gesi peke yake iendelee. Kitu halali kabisa, wenye magari ya mashindano wanatumia miaka mingi. Kwa hiyo msiniambie nilinunua ujinga. Nilinunua kitu sahihi kwa mtu mwovu.

Na alikuwa anajua. Nilipomwambia gari lina njia mbili za kupumulia akanisahihisha, akapitisha mkono nyuma ya intakula hadi kwenye ile ya bloku bila hata kuchungulia. Wawili mnaowafahamu humu walishanipa namba yake. Bei haikuwa ya kutilia shaka, laki nne na themanini pamoja na kufunga. Angesema laki moja ningeshtuka. Akaandika na garantii ya miezi sita kwa mkono wake, akaweka sahihi.

Kisha akatoa kopo lililokatwa katikati kama nanasi, sampuli. Ndani kuna vibati vimepishana, gesi ikiingia inagonga huku na huku, oili inashuka chini, na juu kuna wavu mzito. Nikalishika, nikapitisha kidole kwenye vile vibati. Kopo jipya akalitoa kwenye boksi limefungwa, rangi ile ile, uzito nikaona unafanana. Nikamuuliza, "Tunaweza kulifungua tuone ndani?" Akacheka kwa upole, akasema likifunguliwa sili inakufa. Nikanyamaza. Neno hilo moja tu, nikanyamaza.

Kufunga kulimchukua dakika arobaini. Alikata mipira, akakaza klipu, akatupa vitu kwenye mfuko wa nailoni akasema ni takataka, atanisaidia kuzitupa. Mimi nikashukuru.

Halafu ndiyo ikaja ile ya karatasi. Akawasha gari, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga) ikatulia. Akafungua kifuniko cha kumwagia oili, akachana ukurasa kwenye daftari langu la matumizi ya gari, akauweka juu ya tundu. Karatasi ikanyonywa, ikakaa pale kama imebandikwa kwa gundi. Akaniambia, "Ivute." Nikaivuta kwa vidole viwili, ikachanika, kipande kikabaki kimeng'ang'ania. Akanitazama bila kusema kitu, akaniacha nijiridhishe mwenyewe. Nikamwita Mama aje aone! Nikatuma hela kwenye simu nikiwa nimesimama mbele ya lile gari na kipande cha karatasi mkononi.

Siku tisa baadaye tukaondoka kwenda Iringa, kipaimara cha mtoto wa dada. Mimi, Mama, na mizigo. Hadi Chalinze kulikuwa na harufu ya oili, nikasema ni mipira mipya. Morogoro nikaangalia stiki ya kupimia oili, imepungua kidogo, nikaongeza. Mikumi mnajua mwendo ni hamsini, unapita taratibu. Hakuna mahali nilikanyaga kwa nguvu hadi tulipofika Kitonga.

Kitonga hupandi bila kukanyaga. Nyuma ya lori la mbao, gia ya pili, turbo ikaanza kusukuma, na kwenye kona ya tatu nikaona kwenye kioo moshi wa bluu umeziba barabara nzima nyuma yetu. Mama akaanza kukohoa. Halafu mlio kama kizibo cha chupa, na boneti ikaanza kufuka. Stiki ya oili ilikuwa imeruka kutoka kwenye bomba lake na oili inarushwa juu ya ekzosi yenye moto. Nilimtoa Mama kwenye gari nikamsimamisha kwenye ukingo, kanga kajitanda usoni, malori yanapita hatua mbili kutoka alipo, na yeye na magoti yale. Masaa matatu tulikaa pale. Ile oili ingeshika moto ningeandika habari nyingine.

Gari lilivutwa hadi Iringa. Fundi mmoja mzee, sitamtaja hapa kwa sababu hajanipa ruhusa, alitazama mipira kwa dakika mbili tu akaniuliza, "Mwanangu, valvu ya PCV iko wapi?" Haikuwepo. Ilikwenda kwenye ule mfuko wa "takataka."

Kazi ya valvu hiyo ni ndogo na ndiyo kila kitu. Gari likiwa sailensa, manifodi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye silinda) inanyonya, valvu inafunguka, gesi inavutwa. Ukikanyaga, turbo inajaza manifodi presha, valvu inajifunga, na gesi inageukia njia nyingine, kwenye bomba la hewa kabla ya turbo, ambako daima kunanyonya. Yule mtu aliing'oa valvu, akaunganisha njia zote tatu kwenye kopo kwa mpira mmoja mwembamba, akalifunga kopo moja kwa moja kwenye manifodi, na ile njia ya kabla ya turbo akaiziba kwa bolti na klipu. Kwa hiyo kila nilipokanyaga, turbo ilikuwa inapuliza presha ndani ya tumbo la injini. Injini ikatafuta pa kutokea: kwenye stiki, kwenye oili sili ya nyuma ya krenki, na kwenye turbo yenyewe, kwa sababu oili ya turbo inashuka kwa uzito wake tu kurudi chini, na chini kukiwa na presha haishuki, inapenya sili zake na kuungua. Ndio ule moshi wa bluu.

Na karatasi? Manifodi ikiwa sailensa inanyonya siku zote. Bila valvu inanyonya kwa nguvu zaidi. Jaribio lile la gari lililosimama halisemi chochote kuhusu gari linalopanda mlima, na yeye anajua hivyo, ndiyo maana hakutaka tukajaribu barabarani. "Ninawahi mteja mwingine Mbezi, kaka."

Tulilikata kopo kwa grainda. Hakuna kibati hata kimoja. Kulikuwa na kiganja cha chuma cha kusugulia sufuria, kile cha dukani, kimesokomezwa ndani kuongeza uzito. Kilishaanza kunyonyoka. Mzee alipangusa mdomo wa mpira unaokwenda kwenye manifodi kwa kidole chenye grisi akanionyesha: nyuzi tatu za chuma, nyembamba kama nywele, zikielekea kwenye silinda zangu. Ilibidi manifodi ing'olewe yote isafishwe. Mipira yenyewe ilikuwa mipira ya maji, ya hita. Siku tisa tu ilikuwa imevimba na kulainika kama bigijii iliyotafunwa, ukiibonyeza inabaki na alama ya kidole.

Milioni mbili na laki tatu, wakuu. Turbo imefanyiwa kazi, sili, gaskiti, kuvutwa, kulala Iringa. Kipaimara tulikikosa.

Nilimpigia. Mara ya kwanza alipokea, akasema, "Umelikanyaga sana kaka, gari la zamani hilo." Nikamwambia nimekata kopo. Akakata simu, hajapokea tena, na ile garantii jina lililoandikwa siyo lililosajiliwa kwenye namba aliyopokelea hela.

Huyu mtu anatakiwa kufungwa. Simaanishi kuonywa, wala kurudisha hela kimya kimya halafu aendelee Jumamosi inayofuata na gari la mwingine. Mdogo wangu anayesoma sheria kaniambia kujipatia hela kwa udanganyifu ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka saba. Anastahili yote. Aliona mama yangu. Alikunywa chai yake, akajua ni nani anapanda lile gari, na bado akaing'oa ile valvu. Mafundi mnaofanya naye kazi na mnajua anachofanya, nanyi mna sehemu yenu. Na nyie wawili mlionipa namba nataka mniambie mlilipwa au nanyi mmepigwa mnaona aibu kama mimi.

Mnaouliza utamjuaje: kopo hataki lifunguliwe. Vifaa vya zamani anaondoka navyo. Mpira hauna maandishi yoyote kwamba ni wa oili, na ni mwembamba kuliko njia za gari lenyewe, wakati mzee wa Iringa hafungi mpira wenye tundu chini ya milimita kumi na sita. Jaribio ni sailensa tu. Na kama umeshafungiwa, leo hii kabla hujaliwasha fuata mpira unaotoka kwenye kopo uone unaishia wapi. Ukiishia kwenye manifodi na hakuna valvu katikati, usiliendeshe. Ile valvu ibaki mahali pake, na njia za tapeti kava zipite kwenye kopo lenye vibati kisha zirudi kabla ya turbo, mpira ushuke bila kulegea katikati ukafanya dimbwi. Mengine muulizeni fundi wenu, mimi ninaandika kwa hasira na nitasahau kitu.

Jumatatu saa tatu asubuhi naenda polisi. Nina kopo vipande viwili, mipira yote, zile nyuzi tatu kwenye mfuko, ujumbe wa malipo, na garantii aliyoisaini. Mwenye ujumbe wa malipo wa namba ile ile anitafute kabla ya Jumapili jioni, twende pamoja. Nikienda peke yangu wataniambia ni ugomvi wa fundi na mteja.