Mzee, Mkewe na Kilima cha Paka: Uchambuzi wa Kitabu cha Picha "Millions of Cats"

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni sana. Leo mezani nina kitabu kimoja tu, na nimekipa kipindi kizima kwa sababu kinastahili. Kinaitwa Millions of Cats, kimeandikwa na kuchorwa na Wanda Gág, kilitoka Marekani mwaka 1928 na mpaka leo bado kinachapishwa. Nasogeza jalada karibu na kamera. Mnaona nyekundu na manjano hapo? Ziangalieni vizuri, maana ndani hamna rangi tena. Ni wino mweusi kwenye karatasi nyeupe mwanzo hadi mwisho.

Najua kitabu kisicho na rangi kikishikwa dukani hurudishwa rafuni upesi. Nawaomba msubiri kidogo.

Hadithi yenyewe ni hivi. Kuna mzee mkongwe na mkewe, naye mkongwe. Nyumba yao ni safi na nzuri, maua yameizunguka pande zote isipokuwa penye mlango. Hakuna wanachokosa, ila ni wapweke. Bibi anatamani paka. Mzee, kwa kumpenda mkewe, anashika njia. Anapanda vilima, anashuka mabonde, hadi anafika kwenye kilima kilichofunikwa na paka watupu. Anachagua mmoja. Kabla hajaondoka anamwona mwingine, naye ni mzuri vilevile, anamchukua. Halafu mwingine. Kila akigeuka kuna paka asiyeweza kumwacha, na mwisho anarudi nyumbani na wote.

Hapo wengi watakimbilia methali yetu, mtaka yote hukosa yote. Mimi sikubali kwamba mzee huyu ana tamaa. Soma tena taratibu: hachukui paka ili awe na wengi. Anachukua kwa sababu kila anayemtazama anamwona mzuri, na moyo wake umekaa bila mwenzi wa kumchezea kwa muda mrefu mno. Ukimsomea mtoto hadithi hii kama ya mtu mroho, umemnyima kitu. Huyu ni mtu mwenye upendo ambaye hajapiga hesabu.

Na hesabu inakuja njiani. Paka wana kiu, wanafika kwenye bwawa, kila mmoja anaramba mara moja tu, bwawa linakauka. Wana njaa, kila mmoja anang'ata majani mara moja, kilima kinabaki kipara. Mzee bado hajaelewa. Mtoto anayesikiliza ameshaelewa zamani! Nimesoma kurasa hizi mbele ya watoto, nao huanza kumwonya mzee kwa sauti kabla hajafika nyumbani. Mwandishi amempa msikilizaji mdogo nafasi ya kujua zaidi ya mtu mzima aliye kwenye hadithi, na watoto wanaipenda sana nafasi hiyo.

Kuna pia kibwagizo. Idadi ya paka inatajwa kwa kupanda, mamia, maelfu, kisha inapaa hadi tarakimu zisizoshikika, na inarudi tena na tena. Sisi tuliolelewa kwa paukwa, pakawa tunajua cha kufanya hapo: msomaji anaanza, watoto wanaitikia. Huhitaji kuwafundisha. Kufikia mara ya pili wanasema wenyewe.

Sasa niseme ukweli kuhusu ukurasa ambao wazazi wataniuliza. Bibi anaona hawawezi kuwalisha paka wote hao, anashauri paka wenyewe waamue nani abaki. Mzee anawauliza: ni nani kati yenu aliye mzuri kuliko wote? Basi inazuka vita. Wanang'atana, wanaparurana, kelele mpaka wazee wanakimbilia ndani. Wakichungulia dirishani, hakuna paka hata mmoja. Bibi anadhani wamekulana. Ndiyo, wamekulana, na kitabu hakifichi. Anayebaki ni kipaka kimoja kilichokonda, kimejificha kwenye majani marefu. Hakikuguswa kwa sababu hakikudai uzuri wowote.

Ninawapenda waandishi wanaomwamini mtoto hivi. Vita havikuchorwa kwa damu, na jambo la kutisha kuliko yote limewekwa nje ya macho yetu. Lakini limesemwa. Kwa mtoto wa miaka mitano kwenda juu sioni tatizo. Kwa mdogo zaidi, msome wewe kwanza, maana unamjua mwanao.

Turudi kwenye michoro, ambayo ndiyo roho ya kazi hii. Angalieni hapa nikifungua kurasa mbili kwa pamoja. Mzee anaanza safari ukurasa wa kushoto, vilima vinajikunja, njia inavuka katikati ya kitabu bila kukatika, naye anatokea upande wa pili. Wakati ule hilo halikuwa jambo la kawaida kwenye vitabu vya watoto Marekani. Maneno nayo si herufi za mashine. Yaliandikwa kwa mkono na Howard, mdogo wake Wanda, kwa hiyo maandishi na michoro vina unene uleule wa mstari. Wanda alizaliwa mwaka 1893 huko New Ulm, Minnesota, kifungua mimba wa watoto saba. Baba yao, mchoraji, alifariki mwaka 1908, na binti huyu akasaidia kuwalea wadogo zake huku akichora ili wapate riziki. Mtu aliyejua hesabu ya vinywa vingi mezani, ndiye aliyeandika wasiwasi wa bibi kuhusu chakula. Mwaka 1929 kitabu kilipata heshima ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, jambo la nadra kwa kitabu cha picha.

Kasoro? Kiingereza chake ni chepesi, lakini baadhi ya kurasa zina maneno mengi, na mtoto anayeanza kusoma peke yake atachoka. Hiki ni kitabu cha kusomewa. Mwalimu wa chekechea atakifaidi kuliko mtu yeyote, kwa sababu michoro hii ya wino inaonekana hata na mtoto aliyekaa nyuma kabisa ya mkeka.

Na ukinunua, nunua cha karatasi. Kwenye simu utaonyeshwa ukurasa mmoja mmoja, njia ya mzee itakatwa katikati, na mtoto hataona vilima vyote anavyovuka kumtafutia mkewe paka.